Nimemaliza kozi mbili za gemu, mbona bado siwezi kuanza peke yangu?

Msomaji wa Tanga anauliza, kwa kifupi: "Nina miezi kadhaa najifunza kutengeneza gemu kupitia YouTube. Nimemaliza kozi mbili, moja ya Unity na moja ya Godot, na gemu zote za kwenye video zinacheza kwangu. Lakini nikifungua mradi mpya mtupu sijui hata mstari wa kwanza niandike nini. Laptopu yangu ni Core i3 ya zamani yenye RAM ya GB 4, bando nanunua la wiki. Ninachotaka ni gemu ya bodaboda ya 3D: mji mzima, abiria, trafiki, foleni. Je, ninunue kozi ya kulipia? Na nishike injini ipi?"

Ndugu yangu, kozi ya kulipia usinunue kwa sasa. Zipo nzuri, lakini tatizo ulilonalo halitibiwi na video ya tatu. Hadi hapa umekuwa ukinakili. Mwalimu anaandika, nawe unaandika. Anabonyeza, nawe unabonyeza. Mwishoni gemu inacheza na unajiona umeelewa. Maamuzi magumu yote aliyafanya kabla hajaanza kurekodi: gemu igawanywe vipande vipi, namba ipi ikae wapi, kitangulie nini. Wewe hujayafanya hata mara moja, na mradi mtupu hauna kingine ila maamuzi hayo.

Kuhusu injini, yaani programu ya kutengenezea gemu kama Unity au Godot: kwa mashine hiyo shika Godot. Unreal usiiguse, maana Epic, waundaji wake, wenyewe wanapendekeza RAM ya GB 32. Unity kwenye GB 4 itakokota, na ukiongeza vifaa vyake vya Android unapakua gigabaiti nyingi kabla hujaandika chochote. Godot 4 ni faili moja lililobanwa na haihitaji kusakinishwa: unalifungua ndani ya folda, unabofya mara mbili, umeingia. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi kwa leseni ya MIT tangu 2014, na hakuna siku utakayodaiwa asilimia ya mapato. (Septemba 2023 Unity walitangaza ada kwa kila gemu inayosakinishwa, wakaifuta mwaka mmoja baadaye. Katikati hapo watu wengi walihamia Godot, na video za Godot zikaongezeka sana.)

Unapounda mradi utaombwa kuchagua mfumo wa uchoraji: Forward+, Mobile au Compatibility. Chagua Compatibility. Hiyo mingine miwili hutegemea teknolojia mpya za kuchora kama Vulkan, na kadi za Intel za zamani ama hazina Vulkan ama zinaibeba kwa shida. Compatibility inahitaji OpenGL 3.3 tu, ambayo ni ya zamani zaidi. Kama programu inajifunga kabla ya kuonyesha orodha ya miradi, ongeza `--rendering-driver opengl3` mwishoni mwa njia ya mkato unayoifungulia. Ikikataa hata hapo, rudi kwenye toleo la 3.6 lenye GLES2 (mfumo wa uchoraji wa zamani zaidi), na kuanzia siku hiyo achana na video za Godot 4.

Hili la matoleo ndilo linalowapotezea wanafunzi muda kuliko hesabu. Godot 4.0 ilitoka Machi 2023 ikabadilisha majina mengi. Video ya 2021 itakuambia `KinematicBody2D`. Kwako ni `CharacterBody2D`. Itaandika `onready var` na `export var`. Kwako zinatanguliwa na alama ya `@`. `yield` imekuwa `await`, `instance()` imekuwa `instantiate()`, `Sprite` imekuwa `Sprite2D`. Ile `move_and_slide` ya zamani ilipewa kasi ndani ya mabano. Ya sasa haipewi kitu, kwa sababu `velocity` ni mali ya nodi yenyewe (nodi ni kipande kimoja cha gemu, kama picha au kipima muda). Na tangu 4.3 ya Agosti 2024, `TileMap` imeipisha `TileMapLayer`, kwa hiyo hata video ya 4.1 inaweza kukupoteza kwenye somo la ramani. Roboti za kujibu maswali zina kasoro hiyohiyo: huchanganya msimbo wa 3 na wa 4 ndani ya jibu moja, na kwa uhakika wote. Ukiona jina la zamani katika jibu lake, usihangaike na mstari huo mmoja tu. Kagua jibu zima.

Kwa hiyo kabla ya kuanza somo lolote, tafuta toleo analotumia mwalimu. Huwa limeandikwa pembeni mwa skrini yake au kwenye maelezo ya video. Kama ni 4.2 nawe uko 4.4, pakua 4.2 kutoka kwenye hifadhi ya matoleo ya Godot na uifuate somo lote. Matoleo mawili yanaweza kukaa kwenye mashine moja bila kugombana, mradi kila moja liwe na folda yake, na mradi ulioufungua kwa toleo jipya usiufungue tena kwa la zamani.

Bando. Video za msimbo zipakue kwa 480p au 720p. Chini ya hapo huwezi kutofautisha nukta na mkato, na 1080p inakula data mara kadhaa zaidi bila faida yoyote kwako. Lakini somo la kusoma ni nafuu kuliko la kutazama. Nyaraka rasmi za Godot zinapakuliwa zote kama faili moja la HTML lililobanwa, unazisoma bila intaneti. Tena ndani ya Godot kwenyewe, ukibonyeza F1 unapata maelezo ya kila nodi na kila funksheni, nje ya mtandao. Ukishikilia Ctrl na kubofya jina lolote la Godot ndani ya msimbo wako, ukurasa wake unafunguka hapohapo. Jenga mazoea hayo mapema. Asiyejua kutumia F1 atabaki anategemea video maisha yake yote.

Sasa namna ya kutumia somo. Tazama kipande cha dakika nane au kumi bila kugusa kibodi. Funga video. Andika ulichokumbuka. Ukikwama, chungulia, na pale ulipochungulia weka alama ya `#` na neno "nimechungulia". Mwisho wa somo alama hizo ndizo orodha ya usichokijua, na ni orodha sahihi kuliko jaribio lolote la kozi. Kesho yake, kabla ya somo jipya, fanya mabadiliko matatu ambayo mwalimu hakuyaonyesha: moja la namba, moja la tabia, na moja la kuongeza kitu ambacho hakikuwemo. Namba ni rahisi. Tabia ndipo utakapoumia: adui aliyekuwa anakuja moja kwa moja sasa aje kwa kuyumba kushoto na kulia. Saa moja ya video iende na saa tatu za namna hiyo. Ukiona unamaliza masomo manne kwa siku, jua umerudi kutazama sinema.

Jambo jingine, na hili kwa mwanafunzi wa Kiswahili lina faida ya pekee: majina yote unayobuni mwenyewe yaandike kwa Kiswahili. Mwalimu wa video akiandika `speed`, `position`, `direction` na `delta`, macho yako hayajui lipi ni la Godot na lipi kalitunga yeye. Tazama hii:

```
extends Area2D

var kasi = 400

func _process(delta):
	var upande = Input.get_axis("ui_left", "ui_right")
	position.x += upande * kasi * delta
	position.x = clamp(position.x, 60, 660)
```

Kwa kutupia jicho tu unaona: `kasi` na `upande` ni zako, ungeweza kuziita vyovyote. Kila kilichobaki kwa Kiingereza ni cha injini, na ndicho cha kutafuta kwenye F1. (Hata `delta` ingeweza kubadilishwa jina, lakini iache, kila mtu anaijua hivyo.) Angalia pia `_process`. Ukikosea ukaandika `_proces`, Godot haitalalamika. Itadhani ni funksheni yako mwenyewe, haitaiita kamwe, na pikipiki itasimama tu. Makosa yanayoumiza zaidi ni haya yasiyoleta maandishi mekundu.

Msimbo huo ndio mwanzo wa gemu ninayokushauri utengeneze badala ya mji mzima. Bodaboda moja, barabara moja inayoonekana kutoka juu, skrini ya wima ya 720 kwa 1280. Pikipiki iko chini, inakwenda kushoto na kulia. Mashimo, bajaji na daladala vinashuka kutoka juu. Ukigonga, imekwisha. Ukikwepa, unapata alama. Hakuna video itakayokupa gemu hiyo kamili, ila kila kipande chake kimefundishwa mahali fulani.

Tuanze na `delta`, maana bila kuielewa hiyo utahangaika mwaka mzima. Ni muda, kwa sekunde, uliopita tangu fremu iliyotangulia (fremu ni picha moja ya skrini). Mashine ikichora fremu 60 kwa sekunde, `delta` ni kama 0.0167, na 400 mara 0.0167 ni pikseli kama 6.7 kwa fremu, yaani 400 kwa sekunde. Ukiiacha na kuandika pikseli 7 kwa kila fremu, gemu yako itaenda sawa kwenye laptopu inayotoa fremu 60, itakwenda nusu ya mwendo ikielemewa na kushuka hadi 30, na kwenye simu ya fremu 120 pikipiki itaruka kama imefukuzwa. Ila kuna mtego: ukitumia `CharacterBody2D` na `move_and_slide()`, funksheni hiyo inazidisha kwa `delta` yenyewe. Ukizidisha tena, kasi ya 300 inakuwa 5 na mchezaji anajivuta kama konokono. Basi: unapobadilisha `position` kwa mkono, zidisha; unapoipa `velocity` kasi kisha ukaita `move_and_slide()`, usizidishe.

Vikwazo vinahitaji onyesho lao lenyewe (scene), yaani faili la `kikwazo.tscn`, na `Timer` ya sekunde 1.2 kwenye onyesho kuu:

```
var kikwazo = preload("res://kikwazo.tscn")

func _on_timer_timeout():
	var kipya = kikwazo.instantiate()
	kipya.position = Vector2(randf_range(60, 660), -80)
	add_child(kipya)
```

Hapa ndipo wanaonakili hukwama kwa namna tatu. Ya kwanza: wameandika `_on_timer_timeout` neno kwa neno lakini hawakuunganisha signali (taarifa ambayo nodi hutoa jambo likitokea). Muunganiko haupo kwenye msimbo. Unafanywa kwenye kichupo cha Node pembeni, na mwalimu huubofya kwa sekunde mbili ambazo wewe ulikuwa unatazama kibodi. Ukiunganisha vizuri utaona alama ya kijani kando ya mstari wa funksheni hiyo. Ya pili: `Timer` haijawekewa Autostart, yaani ijianzishe yenyewe. Ya tatu: wamesahau `add_child`, hivyo kikwazo kimeumbwa lakini hakimo kwenye gemu, hakionekani na kumbukumbu inajaa.

Kuna na kosa la nne, ambalo huonekana baada ya dakika kadhaa za kucheza. Kikwazo kilichopita chini ya skrini hakifi chenyewe, kinaendelea kushuka milele. Ndani ya skripti ya kikwazo weka sharti kwamba `position.y` ikizidi 1400, `queue_free()` iitwe. Kuhakikisha, endesha gemu kisha urudi kwenye dirisha la Godot, juu ya orodha ya nodi bofya Remote. Hapo unaona vitu vyote vilivyo hai ndani ya gemu wakati huohuo. Idadi ikipanda bila kushuka, bado kuna kitu hujakifuta. Chombo hiki kozi nyingi za mwanzo hukipita kimyakimya, nami sielewi kwa nini.

Kugongana. Pikipiki na kikwazo vyote vikiwa `Area2D`, signali unayoihitaji ni `area_entered`. Video nyingi hutumia `body_entered` kwa sababu kwao mmoja wao ni mwili wa fizikia. Ukinakili hiyo, utapita ndani ya daladala kama mzimu. Kila `Area2D` inataka mtoto wa `CollisionShape2D` mwenye umbo. Pembetatu ya njano ikitokea pembeni ya jina lake, umbo halijawekwa. Ukubwa wa umbo uvute kwa vile vidoti vyake vyekundu, usitumie scale, maana scale isiyo sawa pande zote huharibu hesabu za kugongana. Na lifanye dogo kuliko picha, kama asilimia 75 hivi. Mchezaji akigongwa na kona ya picha isiyo na kitu atasema gemu inaonea, na atakuwa na haki. Kwenye menyu ya Debug washa Visible Collision Shapes uone kinachotokea hasa.

Kosa la maneno `null instance` litakutembelea kila wiki. Maana yake ni kwamba umemwomba kitu mtu asiyekuwepo. Mara nyingi umebadilisha jina la nodi baada ya kuandika njia yake kwenye msimbo, au umesahau `@onready`, hivyo msimbo umetafuta nodi kabla haijaingia kwenye mti, yaani ile orodha ya nodi. Soma namba ya mstari, tazama jina, tazama mti. Usianze kufuta na kuandika upya.

Pikipiki ikishakwepa na kugonga, usidhani umemaliza. Kilichobaki ni kile ambacho kozi huishia kabla yake: kuanza upya bila kufunga programu, kusimamisha gemu simu ikiita, menyu, sauti, kuhifadhi alama ya juu. Kwa kuhifadhi, andika kwenye `user://` (folda ya data ya mchezaji), si `res://` (folda ya mradi). Ndani ya Godot `res://` inakubali kuandikwa na utadhani mambo ni shwari. Ukishaitoa gemu kwenda kwenye simu, folda hiyo ni ya kusomwa tu na alama zinapotea kila mara.

Picha na sauti usizitengeneze sasa. Tovuti ya Kenney ina maelfu ya picha za gemu chini ya CC0, yaani unaweza kuzitumia hata kwenye gemu ya kuuza bila kumtaja mwenyewe. Majina ya mafaili yaandike yote kwa herufi ndogo. Windows haitofautishi `Boda.png` na `boda.png`, Android inatofautisha, na gemu iliyokuwa nzima kwenye laptopu itafunguka kwenye simu bila pikipiki.

Ukifika kwenye simu utahitaji vitu vitatu: JDK 17 na Android SDK (zana za kujengea programu za Android), na violezo vya kutolea vya toleo lilelile la Godot unalotumia. Violezo ni faili kubwa, karibu gigabaiti moja, kwa hiyo lipangie bando lake. Dirisha la kutoa gemu litalalamika kuhusu ETC2 na ASTC (namna za kubana picha). Bofya kitufe cha kurekebisha kilicho hapohapo. Kisha tazama orodha ya vichakataji. Kwa kawaida iliyowekwa tiki ni arm64-v8a pekee, na simu nyingi za bei nafuu mitaani kwetu zina Android ya biti 32. Kwao gemu itakataa kusakinishwa. Weka tiki na kwenye armeabi-v7a. Faili litakuwa kubwa zaidi, lakini litafunguka kwa watu wengi zaidi.

Vitufe vya kibodi navyo havipo kwenye simu. Njia fupi ni nodi mbili za `TouchScreenButton`, ukaipa moja kitendo cha `ui_left` na nyingine `ui_right`. Msimbo wa juu haubadiliki hata herufi.

Kama hutaki kusumbuka na Android mapema, toa gemu kama ya wavuti, libane folda lenye `index.html`, ulipandishe itch.io (tovuti ya kuweka gemu) na utume kiungo kwa WhatsApp. Kwa Godot 4.0 hadi 4.2 lazima uweke tiki kwenye SharedArrayBuffer katika mipangilio ya ukurasa wako wa itch.io, la sivyo watu wataona skrini nyeusi. Kuanzia 4.3 haihitajiki kwa kawaida. Na tumia GDScript, lugha ya Godot yenyewe, si C#, kwa sababu miradi ya C# ya Godot 4 haitoki kwenda kwenye wavuti.

Gemu ya pili ifanye bao. Nasema hivyo kwa makusudi: haina fizikia, haina kasi, haina picha ngumu, kwa hiyo inakufundisha kile ambacho gemu za kukwepa hazifundishi, yaani kuweka hali ya mchezo kwenye data na kuichora baadaye. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kila mchezaji ana mashimo yake 16 yanayozunguka. Duara hilo ni orodha moja tu ya namba, hapa `mashimo`:

```
func sambaza(shimo):
	var kete = mashimo[shimo]
	mashimo[shimo] = 0
	while kete > 0:
		shimo = (shimo + 1) % 16
		mashimo[shimo] += 1
		kete -= 1
	return shimo
```

Ile `% 16` inakurudisha shimo la 0 baada ya la 15. Ukiisahau, Godot itakuambia umetafuta nafasi ya 16 isiyokuwepo. Anza bila picha, ukichapisha orodha kwa `print` na kuihakiki dhidi ya bao la kweli mezani. Sheria za kula, nyumba na takata zije baadaye, na kunamua (hatua ya kwanza, ya kuingiza kete ubaoni) mwisho kabisa, kwa sababu pale mchezaji ana kete 22 mkononi ambazo hazimo ubaoni na zinahitaji hesabu yake ya pembeni. Mzee anayejua bao vizuri atakuonyesha makosa ya sheria ndani ya dakika tano.

Sasa, kozi zenyewe. Kama misingi ya kuprogramu inayumba, pitia Learn GDScript From Zero ya GDQuest: ni ya bure, inafanya kazi ndani ya kivinjari, na unaandika msimbo badala ya kutazama. Kisha somo la "Your first 2D game" kwenye nyaraka rasmi, mara moja ukisoma na mara moja ukiwa umefunga. Ukitaka kuelewa injini zinafanya nini kwa ndani, Harvard wana kozi ya gemu chini ya jina la CS50, inayotumia lugha ya Lua na injini ya LÖVE, kuanzia Pong, Flappy Bird na Breakout. Video zake ni ndefu. Thamani yake imo kwenye kazi za mwisho wa kila somo, ambazo zinakupa gemu iliyokamilika na kukutaka uibadilishe. Ukitazama video ukaacha kazi hizo, hujasoma kozi.

Siku utakapotaka kulipia, kagua haya: toleo la injini, tarehe ya masahihisho ya mwisho, na masomo matatu ya mwisho yanahusu nini. Kama kozi inaishia kwenye "sasa unaweza kuendelea mwenyewe" bila kutoa gemu kwenda kwenye simu au wavuti, haijakamilika. Soma sehemu ya maswali ya wanafunzi. Maswali ya miezi ya karibuni yakiwa hayana majibu, mwalimu ameshaondoka. Kwenye Udemy usilipe bei iliyokatwa kwa mstari, punguzo hurudi mara kwa mara.

Play Store isikupe haraka. Akaunti ni dola 25 mara moja, lakini akaunti binafsi iliyofunguliwa baada ya Novemba 13, 2023 inatakiwa kwanza iwe na wajaribu 12 kwa siku 14 mfululizo kabla gemu haijaruhusiwa kwa umma. Wajaribu hao waanze kuwa watu wa karibu nawe. Mpe mtu simu, nyamaza, tazama vidole vyake. Usimweleze kitu. Pale anapobonyeza mahali pasipo na kitufe, hapo ndipo kitufe kinapotakiwa kuwa.

Na ile bodaboda ya 3D? Mji mzima weka kando, lakini barabara moja ya 3D inawezekana kwenye mashine yako baada ya hizo mbili, ukitumia maumbo yenye poligoni chache; Kenney ana vifurushi vya majengo ya mji na vya magari. Usidanganyike na jina la `VehicleBody3D`. Imetengenezwa kwa kufikiria gari la magurudumu manne, na pikipiki ya magurudumu mawili itaanguka ubavu kila unapokata kona. Tumia `CharacterBody3D` inayokwenda mbele na kugeuka, kisha mtoto wake mwenye umbo la pikipiki umlaze kidogo, digrii 20 au 25, kuelekea upande wa kona. Mchezaji ataona pikipiki inalala, kumbe mwili unaogongana na vitu umesimama wima wakati wote.